Gharama ya Kuhama: Historia ya Programu za Kutengeneza Muziki na Watumiaji Wake

Tangu kompyuta ndogo zilipoingia studio katika miaka ya 1980, mtayarishaji wa muziki, ambaye wengi humwita prodyuza, amekuwa akikabiliwa na swali ambalo mafundi wa zama za kanda hawakulijua kwa sura hiyo, nalo ni kama abaki na programu aliyoizoea au ahamie nyingine. Fundi wa kanda aliyebadilisha mashine aliweza kuichukua kanda yake na kuicheza kwenye mashine ya kampuni tofauti, mradi upana wa kanda, idadi ya njia za kurekodia na mwendo wa mzunguko vililingana. Kazi iliyofanywa ndani ya programu ya kompyuta huhifadhiwa kwenye faili la mradi, yaani faili linalobeba maelekezo yote ya namna ya kuzipanga sauti, kuzikata, kuzinakshi na kuzichanganya, na kwa kawaida faili hilo husomwa na programu iliyoliandika peke yake. Ubora wa sauti ndio hutajwa kwanza katika mabishano ya maprodyuza kuhusu programu zao, lakini historia inaonyesha kwamba mara nyingi mambo matatu mengine ndiyo yaliyoamua: uwezekano wa kuondoka na kazi za zamani, mazoea ya mikono, na hatima ya kampuni inayomiliki programu.

Msingi wa historia hiyo uliwekwa mwaka 1983, pale kampuni za Marekani na Japani zilizokuwa zikishindana katika biashara ya sintesaiza, yaani vinanda vinavyozalisha sauti kwa umeme, zilipokubaliana juu ya utaratibu mmoja wa mawasiliano baina ya ala zao, uliopewa jina la MIDI. Walioongoza juhudi hiyo walikuwa Dave Smith wa Sequential Circuits ya California na Ikutaro Kakehashi wa Roland ya Japani, na mwezi Januari mwaka huo, katika maonyesho ya wafanyabiashara wa ala za muziki huko California, kinanda cha Prophet-600 kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland, noti iliyopigwa kwenye kimoja ikasikika kwenye kingine. Kinachopita kwenye waya wa MIDI si sauti bali ni amri: noti gani imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na imeachiwa lini. Kwa kuwa amri hizo ni namba tupu, kompyuta yenye kumbukumbu ndogo iliweza kuzirekodi, kuzisahihisha na kuzirudisha kwenye ala, na programu ya kazi hiyo ikaitwa sikwensa, kwa maana ya chombo kinachopanga matukio ya muziki kwa mfuatano.

Barani Ulaya, mji uliotia fora katika biashara hiyo mpya ulikuwa Hamburg, Ujerumani, ambako kampuni mbili zilianza kugombea wateja walewale. Ya kwanza ilikuwa Steinberg, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Karl Steinberg na Manfred Rürup, ambayo ilitengeneza Pro-16 kwa ajili ya kompyuta ya Commodore 64 na baadaye Pro-24 kwa ajili ya Atari ST. Ya pili ilikuwa C-Lab, ambayo watunzi wake wa programu, Gerhard Lengeling na Chris Adam, walitoa sikwensa ya Creator, kisha Notator, iliyoongeza uwezo wa kuandika muziki kwa noti za mistari mitano. Kampuni zote mbili ziliitegemea Atari ST kwa sababu kompyuta hiyo, iliyotoka mwaka 1985, ilikuja na matundu ya MIDI yaliyojengwa ndani yake, ilhali wenye kompyuta nyingi za aina nyingine walilazimika kununua kifaa cha ziada.

Kuhama kutoka programu moja hadi nyingine katika studio ya Atari kulikuwa jambo la kushika kwa mikono. Programu hizo zilikuja na kidude cha kuzuia nakala za wizi, kilichochomekwa kwenye tundu la katriji ubavuni mwa kompyuta, na bila kidude hicho programu haikufanya kazi. Kwa kuwa Atari ilikuwa na tundu moja tu la aina hiyo, fundi aliyemiliki programu zote mbili, kama hakuwa na kifaa cha ziada cha kuchomekea vidude kadhaa kwa pamoja, alilazimika kuzima kompyuta, kuchomoa kidude kimoja, kuchomeka kingine, kuwasha upya na kupakia programu kutoka kwenye diski laini, yote hayo kabla hajapiga noti hata moja. Si ajabu kwamba mafundi wengi walichagua upande mmoja na kukaa huko.

Mwaka 1989 Steinberg ilitoa Cubase, programu iliyobadilisha sura ya kazi yenyewe. Katika Creator, wimbo ulijengwa kwa vipande vilivyopewa namba na kupangwa kwenye orodha, kwa namna iliyofanana na mashine za ngoma za wakati huo. Katika Cubase wimbo mzima ulionekana kwenye kioo kama mchoro: kila ala ilikuwa na mstari wake, muda ukaenda kutoka kushoto kwenda kulia, na kila kifungu cha muziki kikawa kipande ambacho mtumiaji alikivuta kwa mausi, akakikata kwa alama ya mkasi na kukiunga kwa alama ya gundi. Mpangilio huo umeigwa na takriban kila programu ya studio iliyofuata, kiasi kwamba prodyuza wa leo huuona kuwa ni wa asili, lakini kwa wakati ule ulimtaka fundi wa Creator asahau namna yake ya kufikiri wimbo. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, na wengi walibaki na orodha zao. Mwanamuziki Mwingereza Norman Cook, anayejulikana kwa jina la Fatboy Slim, alitengeneza albamu yake ya mwaka 1998, You've Come a Long Way, Baby, kwa Atari ST na Creator, wakati ambapo kompyuta hiyo ilikuwa imeacha kutengenezwa kwa miaka kadhaa.

Mlango wa kwanza wa kutokea ulikuwa umefunguliwa mwaka 1988, pale muundo wa pamoja wa faili la MIDI ulipokubaliwa na watengenezaji, kwa kufuata kazi iliyoanzia katika kampuni ya Opcode ya California. Kwa muundo huo, wimbo uliopangwa kwenye programu moja uliweza kufunguliwa kwenye nyingine huku noti, mwendo wa mapigo na mgawanyo wa ala vikibaki kama vilivyokuwa. Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba sauti zenyewe hazikuwemo kwenye kompyuta hata kidogo, kwa kuwa zilitoka kwenye sintesaiza, mashine za ngoma na vifaa vya kunakshi vilivyopangwa kwenye rafu za studio. Fundi aliyehama aliviacha vifaa hivyo mahali pake, akachukua faili la noti, akaliunganisha na programu mpya, na sehemu kubwa ya wimbo wake ikaendelea kusikika ileile. Katika zama hizo za vifaa duni, ada ya kuondoka ilikuwa ndogo kuliko itakavyokuwa katika zama za wingi.

Mambo yalibadilika pale sauti ilipoingia ndani ya kompyuta. Mwaka 1990 Opcode ilitoa Studio Vision, iliyounganisha amri za MIDI na sauti iliyorekodiwa katika programu moja ya Macintosh, na mwaka uliofuata kampuni ya Digidesign, pia ya California, ilitoa Pro Tools, ambayo kwa kuanzia ilikuwa na njia nne tu za sauti na iliuzwa pamoja na vifaa vyake maalumu vya kuunganisha na kompyuta. Aliyenunua Pro Tools alikuwa amenunua programu na mashine kwa mkupuo mmoja, na kuhama kulimaanisha kuacha vyote viwili, hali iliyodumu kwa karibu miaka ishirini hadi mwaka 2010, pale toleo la tisa liliporuhusu kutumia vifaa vya kampuni nyingine. Mwaka 1996 Steinberg ilianzisha utaratibu wa VST, unaoruhusu programu ndogo za kunakshi sauti, ziitwazo plagini, kufanya kazi ndani ya programu kubwa, na mwaka 1999 utaratibu huo ukapanuliwa ili plagini iweze kuwa ala kamili. Hatua kwa hatua, rafu iliyojaa sintesaiza ikahamia ndani ya kioo cha kompyuta.

Urahisi huo ulikuja na masharti. Faili la mradi lililokuwa na noti peke yake sasa lilibeba marekebisho ya kila plagini, mikato ya sauti, miteremko ya sauti iliyochorwa kwa mausi na ala zilizokuja na programu yenyewe, na vingi kati ya hivyo havikuwa na namna ya kusafiri. Plagini ya VST iliweza kutumika katika programu za kampuni nyingi, kwa kuwa Steinberg iliutoa utaratibu huo kwa watengenezaji wengine, lakini Pro Tools ilibaki na miundo yake ya plagini na Apple nayo ikaanzisha wake, uitwao Audio Units. Hivyo basi, kadiri programu ilivyompa prodyuza vitu vingi zaidi ndani ya nyumba moja, ndivyo ilivyomgharimu zaidi kutoka.

Hatari ya hali hiyo ilidhihirika pale umiliki wa kampuni ulipobadilika. Opcode ilinunuliwa na kampuni ya magitaa ya Gibson mwaka 1998, na mwaka uliofuata uendelezaji wa programu zake ukasimama. Watumiaji wa Studio Vision hawakunyang'anywa kitu, kwa maana programu iliendelea kufunguka kwenye kompyuta zilizokuwa nayo, lakini programu isiyorekebishwa hukaa chini ya huruma ya mfumo wa kompyuta uliopo, na kila toleo jipya la mfumo wa Macintosh lilimkaribisha mtumiaji kwenye uchaguzi wa kuigandisha kompyuta yake ilivyo au kuzitoa nyimbo zake moja baada ya nyingine na kuhama.

Tukio la pili lilikuwa na kishindo kikubwa zaidi. Watunzi wa Notator walikuwa wameiacha C-Lab na kuunda kampuni ya Emagic mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakatoa programu ya Logic, ambayo ilifanya kazi kwenye Macintosh na kwenye kompyuta za Windows. Tarehe 1 Julai 2002 Apple ilitangaza kuinunua Emagic, na katika tangazo hilohilo ikaeleza kwamba bidhaa za Macintosh zilikuwa zikiipatia Emagic zaidi ya asilimia 65 ya mapato yake na kwamba toleo la Windows lingesitishwa tarehe 30 Septemba mwaka huo. Kwa hesabu hiyo, hadi asilimia 35 hivi ya mapato ilihusu watu ambao, ndani ya miezi mitatu, walitakiwa kuchagua baina ya kununua kompyuta ya Apple ili waendelee na programu waliyoijua, na kubaki na kompyuta yao ili wajifunze programu wasiyoijua. Kuhama, ambako hadi hapo kulionekana kuwa uamuzi wa mtumiaji, kulithibitika kuwa jambo linaloweza kuamuliwa na mtu mwingine. Kwa waliobaki upande wa Apple mambo yaligeuka kuwa nafuu: kidude cha ulinzi kiliondolewa katika toleo la nane mwaka 2007, na mwaka 2011 Logic Pro ikaanza kuuzwa kwa dola 199.99, bei iliyovuta watu wapya kutoka programu nyingine.

Tukio la tatu linahusu Cakewalk, sikwensa iliyoandikwa na Mmarekani Greg Hendershott na kutolewa mwaka 1987 kwa kompyuta za mfumo wa DOS, ambayo baadaye ilikua na kuitwa Sonar. Kampuni yake iliingia mikononi mwa Roland, kisha mwaka 2013 ikanunuliwa na Gibson, ambayo Novemba 2017 ilitangaza kusitisha uendelezaji wa bidhaa za Cakewalk. Baadhi ya watumiaji walikuwa wamenunua muda mfupi kabla leseni iliyowaahidi matoleo mapya ya maisha, na sasa maisha yaliyokatika yalikuwa ya programu. Mwezi Februari 2018 kampuni ya BandLab ya Singapore ilinunua haki na msimbo wa programu hiyo, ikaitoa upya bila malipo. Waliokwisha kuhama katika miezi hiyo michache walikuwa wamelipia programu nyingine, na waliovuta subira wakapata bure kile walichodhani kimekufa. Kwa hiyo haiwezekani kuchota katika matukio haya kanuni kwamba kukimbia mapema ni busara daima, kwa kuwa kila upande ulikuwa ukibashiri uamuzi wa wafanyabiashara ambao haukuwahi kuwaona.

Katika kipindi hicho programu nyingine zilikuwa zikiwavuta watu kwa mapya ziliyoyaleta. Ableton Live ilitoka Berlin mwaka 2001 ikiwa chombo cha kupigia muziki jukwaani, chenye uwezo wa kuirefusha au kuifupisha sauti ili ifuate mapigo bila kubadilisha kimo chake, na kwa miaka yake ya kwanza haikuwa na MIDI, iliyokuja na toleo la nne mwaka 2004. Wengi walioipenda hawakuhama, bali waliiunganisha na programu yao ya zamani kwa njia ya ReWire, utaratibu uliotengenezwa mwaka 1998 na kampuni ya Propellerhead ya Sweden kwa kushirikiana na Steinberg, uliowezesha programu mbili kwenda kwa mapigo mamoja na kupitisha sauti kutoka moja hadi nyingine. ReWire ilimpa prodyuza njia ya tatu ambayo historia za ushindani wa kampuni huisahau: kuoa mke wa pili bila kumwacha wa kwanza, kwa gharama ya kompyuta iliyolemewa.

Programu iliyopata makazi mapana Afrika Mashariki ilitoka Ubelgiji. FruityLoops, iliyoandikwa na Didier Dambrin wa kampuni ya Image-Line, ilitoka mwishoni mwa mwaka 1997 ikiwa na ubao wa hatua, yaani mstari wa vitufe 16 kwa kila sauti, ambapo kubonyeza kitufe ni kuweka pigo mahali hapo. Asiyejua kinanda wala noti aliweza kuijenga ngoma kwa macho na masikio. Mwaka 2003 jina lilibadilishwa kuwa FL Studio, na Image-Line ikaendelea na sera yake isiyo ya kawaida katika biashara hiyo, ya kumpa aliyenunua leseni mara moja matoleo yote yajayo bila malipo mengine. Sera hiyo ilijibu moja kwa moja hofu ya watumiaji wa programu nyingine, kwa kuwa mwenye leseni hakufikishwa kila baada ya miaka michache mbele ya ankara inayomfanya ajiulize kama ahame.

Ili kuelewa nguvu ya programu hiyo jijini Dar es Salaam ni lazima kukumbuka hali iliyoitangulia. Kwa miongo kadhaa bendi za dansi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako wapigaji waliingia kwa pamoja na wimbo ukachukuliwa kwenye kanda. Studio binafsi za miaka ya 1990, zikiwemo MJ Records ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk Majani, zilijengwa juu ya vinanda na kompyuta, na ndizo zilizoupa muziki wa kizazi kipya sauti yake. Kwa upande mwingine, vikundi vya mchiriku vya uswahilini vilikuwa vikitumia vinanda vidogo vya Casio, na kutokana na mazingira hayohayo ukakua muziki wa singeli, unaokwenda kwa mwendo unaoweza kupita mapigo 200 kwa dakika. Maprodyuza wa singeli walifanya kazi kwa FL Studio pamoja na VirtualDJ, ambayo kwa asili ni programu ya kuchanganyia nyimbo kwenye sherehe, wakichukua kipande cha taarabu, kukiongeza kasi, kukirudiarudia na kukiwekea ngoma chini yake. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliupeleka muziki huo kwa wasikilizaji wa ng'ambo.

Singeli inaonyesha kwa uwazi kwa nini hoja ya ubora haitoshi kueleza uchaguzi wa programu. FL Studio ilifanya kazi kwenye kompyuta za Windows, ambazo ndizo zilizopatikana kwa urahisi, na toleo rasmi la Macintosh lilikuja mwaka 2018 tu. Nakala zake, zenye leseni na zisizo nayo, zilipita mkono kwa mkono. Na ujuzi wake ulifundishwa kwa kijana kukaa pembeni ya aliyemtangulia na kutazama mausi inakwenda wapi. Katika mazingira kama hayo prodyuza anayehama peke yake hupoteza mafaili yake na vilevile watu wa kuwauliza, maktaba ya sauti za ngoma anazobadilishana na wenzake, na uwezo wa kuufungua mradi ulioanzishwa na studio ya jirani. Mtindo wenyewe umekwisha kuchukua umbo la chombo chake, na kuupeleka kwenye programu nyingine ni kuutengeneza upya.

Jaribio la karibuni la kupunguza gharama hizo ni DAWproject, muundo wa wazi wa faili la mradi uliotangazwa mwaka 2023 na Bitwig ya Berlin, kampuni iliyoundwa na watu waliotoka Ableton, kwa kushirikiana na PreSonus ya Marekani. Muundo huo hubeba njia, vipande vya sauti, noti, mabadiliko yaliyochorwa na marekebisho ya plagini kutoka programu moja hadi nyingine, na Steinberg iliuingiza katika toleo la 14 la Cubase mwaka 2024. Hata hivyo, ala na vinakshi vya ndani ya programu, vile visivyouzwa kama plagini, kwa sehemu kubwa havisafiri, na kampuni isiyokubali muundo huo huwaacha watumiaji wake walipo.

Kwa sababu hiyo studio makini zimeendelea kutumia njia iliyotangulia makubaliano hayo, ambayo ni kuitoa kila njia ya wimbo uliokamilika kama faili la sauti la WAV, zote zikianzia sekunde ileile, na kuzihifadhi pamoja na faili la MIDI na kumbukumbu ya mwendo wa mapigo. Programu yoyote ya studio huweza kuyapokea mafaili hayo, ingawa marekebisho yaliyomo hayawezi tena kufunguliwa. Prodyuza aliyeweka nyimbo zake kwa namna hiyo anaweza kuzipima programu kwa kazi anayotaka kuifanya kesho, ilhali asiyeziweka hulazimika kuzipima kwa kazi alizozifanya jana, na katika miaka arobaini ya historia hii ni wa pili ndiye aliyebaki na programu asiyoipenda, au aliyefukuzwa katika programu aliyoipenda, bila ya kuwa amechagua.